Anayekimbia na Anayevuta

Jumapili, 11 Februari

Shemeji,

Salamu nyingi kwako, kwa dada na kwa mpwa wangu. Naamini mmeshafungua maboksi yote na mmeshajua maji ya huko yanatoka saa ngapi. Mimi mwili mzima, nakula, nakwenda kazini. Roho ndiyo haiko sawa. Sababu unaijua, lakini wiki hii imezidi.

Dada ndiye aliyesema tuandikiane, kwa kuwa kwenye simu mimi na wewe tunakatiana hata kabla hatujajuliana hali. Haya, naandika. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshaisoma.

Tangazo jipya la bendi nimeliona. Wamelibandika ukutani mkabala na karakana yetu ya magodoro, kwa hiyo kila nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani nakutana nalo. Miaka kumi na miwili bendi yetu iliitwa Radi na Mvua. Sasa wameandika RADI peke yake, herufi nyekundu kubwa kama milango. Mvua imefutwa. Mvua ndiyo sisi, shemeji, tuliomwagwa nje. Picha ina watu wanne. Solo yuko katikati kama kawaida yake, gitaa kifuani, miwani ya jua usoni wakati picha yenyewe imepigwa ndani. Kengele yuko pembeni, mdomo wazi, kana kwamba hata picha inamsikia anaimba. Halafu wageni wawili. Wa dramu ni mwembamba, amekunja mikono ya shati sawasawa kulia na kushoto, kama aliyepima kwa rula. Wa besi ni mwanamke. Ndiyo, umesoma vizuri. Nafasi yako ya besi anayo dada mmoja wa miwani, ukimwona utadhani ni karani wa benki.

Ile dramu nimeibeba mgongoni hadi ghorofa ya tatu, lifti mbovu, jua kali, wakati hakuna mtu anayeutaka muziki wa roki, tunapigia watu tisa na mlinzi. Sasa watu wanautaka, ndipo tunaambiwa mwendo wa bendi haukai! Na Solo yule, bila haya, ananiambia, "Hamjafukuzwa, kaka. Bendi ndiyo imegeuka, hili ni kundi jingine." Mtu akubadilishie kitasa, kisha akuambie hajakutoa, ila nyumba imegeuka! Wee!

Nakukumbusha tulivyoahidiana siku mnafunga mizigo, dada akiwa shahidi, kikombe mkononi: wakimwita mmoja wetu, haendi bila mwenzake. Mimi niko palepale. Wewe je?

Jibu upesi. Mwambie dada kijiba cha roho kinanila, aniombee.

Shemeji yako


Jumatatu, 26 Februari

Shemeji mwenye maneno mengi,

Barua yako imefika imelowa pembeni, lakini malalamiko yote yamesomeka. Sisi wazima. Mpwa wako ameng'oka meno mawili kwa wiki moja na anatembea nayo mfukoni kuwaonyesha watu. Dada yako anakusalimu na anauliza kama unakula chakula cha kupika au unaishi kwa mkate.

Kazi nimeanza. Ni kiwanda cha barafu, na mimi na mafundi wawili tunatunza mashine za baridi. Kuna mtambo mmoja unanguruma noti ileile kutwa nzima. Siku ya tatu nikagundua ni noti ya kamba ya tatu ya besi yangu, ikipigwa bila kubanwa. Sasa kila nikipita hapo naitikia kwa mdomo, vidole vinajichezea kwenye suruali. Wenzangu wanadhani nasali, wananipisha.

Unauliza kama niko palepale. Niko. Lakini usidhani wewe ndiye mwenye wivu peke yako, kana kwamba uligawiwa wote ukaumaliza. Wametoa video fupi mtandaoni, nimeiangalia mara kumi na nne. Nakwenda kukaa nyuma ya matangi saa ya chakula, nashika simu karibu na sikio, na simsikilizi Solo wala Kengele. Namsikiliza yule dada tu. Namtafutia kosa. Siku nne sikuliona. Siku ya tano nikalipata: katika kiitikio cha pili, kidole kimeteleza, noti moja imekufa. Shemeji, nilifurahi! Nilirudi kwenye mashine natabasamu peke yangu. Jioni nikamwambia dada yako, akaniangalia hivi, akasema, "Mwanamume mzima." Basi.

Lakini ukweli ni kwamba anapiga vizuri. Nakuandikia wewe, simwandikii mtu mwingine.

Mimi kinachoniuma si wao kupiga. Kinachoniuma ni kwamba wanapiga nyimbo zetu na nyimbo hazijakataa. Nilidhani zitakataa.

Ahadi ni ahadi. Hakuna aendaye bila mwenzake. Dada yako ameniambia niandike hivyo kwa herufi zinazosomeka, nami nimeandika.

Shemeji yako


Jumapili, 18 Machi

Shemeji,

Habari za huko? Mpwa wangu amebakiza meno mangapi? Mimi nakula vizuri, mwambie dada. Jana nilichemsha viazi.

Nina la kukuambia, na usinicheke. Nilikwenda kuwaona.

Walipiga jana saa tisa alasiri kwenye ukumbi wa shule, ule wenye viti vya plastiki vya kijani. Nilivaa kofia, nikaishusha hadi kwenye nyusi, nikakaa mstari wa nyuma kabisa kama mtu anayedaiwa. Nilijiambia nitasikiliza nyimbo mbili tu. Ukumbi ulijaa, shemeji. Watu walisimama ukutani. Siku zetu tulikuwa tunamwomba mlinzi aingie ndani ili idadi iongezeke!

Wakaanza. Yule mwembamba hachezi, anafanya kazi. Mgongo wima, kiwiko hakipandi, anagonga kama saa ya ukutani. Tik, tik, tik. Hatoki jasho! Mimi wimbo wa pili tu shati ningekuwa nimeshalikamua. Nikasema moyoni, sasa huu ni muziki gani, muziki gani huu usiokuwa na haraka? Lakini watu walikuwa wanaimba wote, mama mmoja mbele yangu amefumba macho, na mikono yangu mimi mwenyewe ilikuwa inagonga mapaja bila ruhusa. Jirani yangu akaniambia, "Kaka, unanigonga." Nikaomba radhi. Baada ya dakika moja akaniambia tena.

Nilikaa hadi mwisho. Halafu Kengele akaniona mlangoni. Kofia haikunisaidia kitu, mwanamke amekaa mbele ya dramu yangu miaka kumi na miwili, ananijua hata nikipumua. Akanikumbatia mbele za watu. "Umeonaje, kaka?" Nikasema, "Nzuri." Neno hilo moja linanikwaruza koo hadi leo.

Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mkono wa yule mwembamba unavimba kwenye kifundo, na daktari amemwambia asipoupumzisha utamharibikia. Nikasema pole, maskini. Njiani kurudi nyumbani nikajikuta napiga mluzi. Unaona nilipofika? Nafurahia mkono wa mtu kuvimba. Mama yetu angekuwepo angenichapa.

Nimekueleza yote ili nisibaki nayo.

Shemeji yako


Jumanne, 3 Aprili

Shemeji,

Salamu kutoka kwetu sote. Hatujambo, ila dada yako ana kikohozi kidogo na hataki kupumzika.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama mahali pamoja: kifundo cha mkono. Sikucheki kwa kuvaa kofia. Mimi ningevaa mbili. Lakini nataka nikuulize waziwazi, kwa sababu ningekuwa mimi ningetaka kuulizwa. Dramu ikikosa mtu, nyimbo zote hizo nani anazijua? Ni wewe. Hawatamtafuta mgeni wamfundishe upya, watakuja kwako. Wakija utasema nini?

Usinijibu kwa utani. Nijibu tu.

Shemeji yako


Jumapili, 20 Mei

Kwako,

Hatujambo. Natumai nawe hujambo, maana wiki saba nimekosa hata mstari mmoja wa kunijulisha. Niliandika Aprili mwanzoni, nikaandika tena Aprili mwishoni. Dada yako alianza kuogopa kwamba unaumwa. Alitaka kupanda basi aje kukuangalia, na kikohozi chake hichohicho. Nikamwambia asubiri.

Juzi, saa ya chakula, nikiwa nyuma ya matangi yangu, nimeona video yao mpya. Wamepiga uwanja wa wazi, watu mpaka kwenye kuta. Dramu iko nyuma, gizagiza, matoazi yameficha uso wa mpigaji. Wangemficha na kichwa kizima nisingehangaika. Nimeona kiwiko. Kile kiwiko cha kulia kinachopanda juu kabla ya kiitikio kama mtu anayetaka kupiga hodi. Nimekiangalia miaka kumi na miwili. Dunia nzima hakuna mwingine anayekiinua hivyo.

Kwa hiyo walikuja, ukaenda. Ungesema! Ningekasirika siku tatu, ningemaliza. Ulichofanya ni kuninyamazia, ukaniacha huku naimba na mtambo wa barafu, nikijiambia, angalau tuko wawili.

Nilimpigia Solo hapohapo. Nikamuuliza kwa nini wewe na si mimi. Unajua alinijibu nini? Kwamba mwezi wa Desemba, kabla hawajatutoa, alikuita pembeni akakuuliza ni nani anayeharibu mwendo wa bendi, na wewe, kaka wa mke wangu, uliyekula mezani kwangu kila Jumapili, ukamwambia, "Ni shemeji. Anavuta. Mzito." Nikamkatia. Namba yake nimeifungia kabisa, asinipate tena, wala sitaki kumsikia.

Dada yako nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga. Amelia. Mimi sikulia, kwangu ni hasira tu. Nakuonea wivu hadi meno yanauma, na ningekuwa na njia ya kukuondoa kwenye kile kiti leo, ningekuondoa.

Mume wa dada yako


Jumanne, 12 Juni

Shemeji,

Nakuita hivyo hata kama wewe umeacha kuniita. Salamu kwa dada, na naomba uniambie kikohozi chake kimefikia wapi. Hilo nijibu hata kama mengine hujibu.

Sijui nianzie wapi, basi nianze na siku Solo alipokuja. Ilikuwa Alhamisi. Alisimama karakanani katikati ya sponji, miwani ya jua usoni. Kabla hajamaliza kusema "tunaomba" nilikuwa nimeshavua aproni. Sikumuuliza habari zako. Nataka ujue hivyo hasa, usije ukadhani nilipigana kwa ajili yako nikashindwa. Sikupigana. Nilikukumbuka nikiwa nimeshafika mazoezini, nimeshakaa kwenye kiti, nimeshashika vijiti, na nikasema nitakuandikia Jumapili. Jumapili zikaja zikapita. Kila barua yako ilipofika niliiweka juu ya kabati bila kuifungua, nikaja kuzisoma zote kwa mpigo baadaye sana. Nilikuwa na furaha, shemeji. Aibu ilikuwepo, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Halafu tukaingia studio kurekodi. Huko wana mashine inayogonga mwendo, unavaa spika masikioni, inakugongea tik, tik, tik, nawe unapiga juu yake. Wimbo wa kwanza, kiitikio cha kwanza, fundi wa studio akasimamisha kila kitu. "Kaka, unakimbia." Nikacheka. Tukarudia. "Unakimbia tena." Mara tisa. Yule dada wa besi hanifuati, yuko palepale alipo, na mimi nikifika kiitikio najikuta niko mbele peke yangu, kama niliyeteremka kituo kisicho changu. Kengele alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ndipo Solo akaleta kanda yetu ya zamani, ile tuliyorekodi sebuleni kwenu, akaiweka pamoja na ile mashine. Tukasikiliza wote. Nimekusikia, shemeji. Kila kiitikio natimua mbio, na kila kiitikio besi inakuja nyuma kidogo, nzito, inanishika shati. Hadi tukirudi kwenye beti nimeshatulia, tuko sawa na mashine. Wimbo wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Wa kumi na moja hivyo. Miaka yote ulikuwa unavuta kwa sababu mimi nilikuwa nakimbia, na mimi jukwaani nilikuwa nakusikia na kusema, huyu shemeji mzito jamani, anatuchelewesha.

Ndiyo, nilimwambia Solo hivyo. Niliamini. Na wewe ulimwambia kwamba mimi nakimbia. Solo mwenyewe amenieleza, kwa hiyo na wewe usipande juu sana. Aliwauliza mashemeji wawili kila mmoja peke yake, kila mmoja akamtaja mwenzake, akashindwa kujua amwamini nani, akatutoa wote. Tofauti ni kwamba wewe ulisema kweli.

Mkono wa yule mwembamba umepona. Mimi nimeshaambiwa asante. Mara ya pili inauma zaidi, maana safari hii walinipa na soda.

Sasa lile ambalo limenifanya nishindwe kuandika. Humu ndani kuna bahasha ya Solo, jina lako juu. Anakutaka. Yule dada anakwenda kusoma mbali, na Solo baada ya kusikia ile kanda amejua ni nani aliyekuwa ameishika bendi. Simu yake umeifungia, anwani yako hana, kwa hiyo alinipa mimi niitume. Alinipa tarehe mosi. Akaniambia jibu lipatikane kabla ya tarehe kumi, kwa sababu kurekodi kunaanza.

Siku ya kwanza nilisema nitaituma kesho. Siku ya pili nikasema nina kazi nyingi. Posta iko nyuma ya karakana, nikitoka nje naiona. Siku ya tano niliishika hadi dirishani pa posta, nikanunua stempu, nikarudi nayo. Leo ni tarehe kumi na mbili. Sikusahau wala haikupotea. Niliingoja tarehe ipite, ikapita, na nilipoamka jana nikakuta sijapata nafuu niliyoitegemea.

Niliweza kuvumilia wao kuniacha nikiwa na wewe. Kuachwa peke yangu, wewe uko ndani na mimi nimesimama nje, hilo lilinishinda. Ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine nzuri zaidi niliyoificha.

Mpigie Solo. Labda bado nafasi ipo. Mwambie mimi ndiye niliyechelewesha.

Shemeji yako, ukikubali


Jumanne, 19 Juni

Kwako,

Kikohozi cha dada yako kimepona. Hilo nimelitanguliza kwa sababu uliliomba.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Ya Solo nimeisoma nimekaa. Siku kumi na moja nimezihesabu kwenye kalenda ya kiwandani kwa kidole, moja moja, na kila moja nilikutukana kwa sauti. Wale wenzangu waliodhani nasali sasa wamejua sisali.

Nimeifungulia namba ya Solo nikampigia. Kurekodi kumesogezwa wiki mbili kwa sababu Kengele koo limevimba. Angekuwa na koo zima ungeninyima kila kitu, nami nisingejua hadi nakufa. Nafasi ipo. Nimekubali. Kazi ya barafu nimeshaaga, namaliza tarehe thelathini.

Sasa nisikilize, maana bora ulisikie kwangu. Solo aliniuliza kama nina sharti lolote. Nilijua anasubiri nikutaje. Dada yako alikuwa amesimama mbele yangu, ameshika kanga yake kifuani, naye anasubiri nikutaje. Nilikaa kimya, simu sikioni, kwa muda mrefu hadi Solo akauliza kama bado nipo. Nikasema sina sharti. Sikukuombea. Ningeweza, na nadhani angekubali, lakini sikufanya.

Si kwa sababu ya bahasha, ingawa bahasha imesaidia. Nimechoka kuvuta. Miaka kumi na miwili nimepiga besi macho yangu yakiwa kwenye kiwiko chako, nikingoja kipande juu ili nijue ni lini nikushike. Sijawahi hata siku moja kuwaangalia watu waliokuja kutusikiliza. Sijui nyuso zao. Kule uwanjani, kwenye ile video, niliona yule dada wa miwani ameinua kichwa anawatazama watu na anacheka, na hicho ndicho kitu nilichomwonea wivu kuliko vidole vyake vyote. Nakitaka na mimi.

Dada yako amenikasirikia tangu jana. Anasema sisi wote wawili ni wamoja, na hakukusudia kutusifu.

Mjini kwenu hatuna nyumba tena, unajua hivyo. Wewe una vyumba viwili. Nimeambiwa na mwenye mamlaka hapa ndani kwamba tutafikia kwako, na kwamba mimi ndiye wa kuomba. Basi naomba. Kama huwezi kutupokea, sema. Sitakulaumu hata kidogo.

Sijakusamehe. Nadhani nitakusamehe, lakini nataka nifanye hivyo nikikuona.

Shemeji yako, maana sina jina jingine la kukuita


Jumatatu, 25 Juni

Shemeji,

Njooni. Sisi huku wazima, yaani mimi. Chumba cha mbele ni chenu. Dramu nimeitoa ukutani nikaipeleka karakana, ili mpwa wangu apate pa kuweka kitanda. Mwambie dada nimenunua sufuria, na mfuniko wake upo.

Barua yako nimeisoma yote. Pale uliposema hukuniombea niliiweka chini, nikatoka nje, nikazunguka mtaa mzima, nikarudi, nikaisoma tena nikitumaini imebadilika. Nimekasirika, kisha nikakosa wa kumkasirikia. Ningekuwa wewe hata simu nisingenyamaza nayo, ningesema "sina sharti" kabla swali halijaisha. Hayo ya kutowaona watu sikuwahi kuyajua. Mimi niliwaona kila siku. Niliwaona vizuri sana, shemeji, na kumbe ni kwa sababu wewe hukuwaona.

Sitakudanganya kwamba nimefurahi. Nina wivu hata wakati huu naandika, na utanikuta nao mlangoni. Ila nimejipanga nitakavyoishi nao, na nakuomba unisaidie kitu kimoja. Asubuhi ya kwanza utakapobeba besi kwenda mazoezini, usiniage. Usiniambie pole, wala usinitazame. Fungua mlango upite kama mtu anayekwenda dukani. Nitakuwa nimekaa mezani na chai yangu, na pengine nitakuwa na uso mbaya. Uache uso wangu.

Jioni ukirudi nitakuuliza watu walikuwaje. Nieleze wote, mmoja mmoja, usiruke hata mtu, hata kama utaniona natazama pembeni.

Shemeji yako